Mdogo wangu anakunywa vidonge vinne vya usingizi kila usiku. Tuvitupe?

Assalamu aleikum ndugu wa safu ya ushauri,

Naandika kutoka Langoni, Lamu. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 28, ni fundi wa mashua. Mwaka jana ndoa yake ilivunjika, akaacha kula, akaacha kazi, na usiku halali. Hospitali walisema ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Akapewa fluoksetini 20 mg ya asubuhi na diazepamu 5 mg ya usiku kwa wiki mbili. Ile ya asubuhi aliiacha baada ya siku chache, akasema haifanyi kitu. Ile ya usiku hajaiacha, na huu ni mwezi wa kumi na moja. Anainunua mwenyewe madukani, na sasa ni vidonge vinne vya 5 mg kila usiku. Mchana anatafuna majani ya muguka ili macho yafunguke.

Siku hizi anaamka adhuhuri, amezubaa. Ukimtuma kitu anasahau njiani. Akishuka ngazi anayumba. Mwezi wa Shaabani vidonge vilimwishia. Siku ya tatu akaanza kutetemeka na kutoka jasho, siku ya tano akawa anaona wadudu ukutani, kisha akaanguka akakakamaa mwili mzima kama dakika moja. Alipopata vidonge alitulia, na hospitali hatukumpeleka.

Mama anasema vidonge vinampumzisha ubongo, aachwe. Mjomba anasema ubongo unakufa njaa, vidonge vitupwe baharini leo, apewe glukosi na asali, na sisi tuchange fedha akapigwe picha ya ubongo. Mimi naomba kujua: ubongo wake umeharibika? Picha itatuonyesha? Na tukitaka kuviondoa vidonge, tuviondoeje?

Dada mtu, Langoni

*

Waaleikumu salaam, dada.

Vidonge visitupwe. Tumeanza na hilo kwa sababu alichokipata mwezi wa Shaabani kinaweza kuua. Kutetemeka, jasho, kuona visivyokuwepo, kisha kukakamaa: hiyo ni arosto, yaani taabu ya kukosa dawa ambayo mwili umeizoea, ya dawa za jamii ya diazepamu. Watu wa pwani wanaijua zaidi arosto ya unga (heroini), ambayo humtesa mtu lakini mara chache humuua. Hii ya vidonge vya usingizi huleta kifafa, na aliyepata kifafa mara moja kwa kukatiwa ghafla yuko hatarini kukipata tena akikatiwa vivyo hivyo. Mjomba aelezwe hivyo leo, kabla hajatia mkono kwenye mtoto wa meza.

Mama na mjomba kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na vipande hivyo haviunganiki mpaka mjue ubongo unakula nini na unakula kwa kazi gani.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama kilo 1.4, asilimia 2 hivi ya mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili mzima uliotulia. Chakula chake kikuu ni glukosi, kama gramu 120 kwa siku, na akiba yake ni ndogo mno, ndiyo maana damu ikisimama dakika chache tu huanza madhara. Sehemu kubwa ya nishati hiyo huishia kwenye mawasiliano ya seli za neva. Kila seli inapopitisha ujumbe, madini ya sodiamu huingia ndani na ya potasiamu hutoka, kisha seli lazima iyarudishe yote mahali pake, kama mabaharia wanavyofua maji jahazini bila kukoma. Ujumbe ukipungua, kazi ya kurudisha hupungua, na ulaji wa glukosi hushuka.

Diazepamu inaingilia hapo. Ubongo una kemikali yake ya kutuliza, GABA, ambayo hufungua vijilango vya kloridi kwenye seli na kuifanya seli iwe ngumu kuamshwa. Diazepamu, lorazepamu, na vile vinavyouzwa mitaani kwa jina la bugizi havivifungui vijilango hivyo vyenyewe. Huifanya GABA ivifungue mara nyingi zaidi. Seli nyingi hunyamaza kwa pamoja. Nora Volkow na wenzake walipima ulaji wa glukosi kwa watu wenye afya waliopewa lorazepamu, wakachapisha mwaka 1995: ubongo mzima ulishuka, na katika thalamasi, kituo kinachopitisha habari za hisia kwenda juu, kushuka huko kulikwenda sambamba na kusinzia kwao. Pombe nayo hushusha. Propofoli, dawa ya kumlaza mgonjwa wa upasuaji, huweza kushusha hadi karibu nusu.

Kwa hiyo mjomba amekosea sababu. Ubongo wa mdogo wako haufi njaa. Unakula kidogo kwa kuwa umenyamazishwa, na glukosi iko tele kwenye damu inayopita. Asali na glukosi ya kopo hazitauamsha, maana hakuna kilichopungua katika chakula. Zitamwongezea sukari ya bure tu.

Mama naye, pamoja na huruma yake, amekosea kuhusu pumziko. Katika usingizi mzito wa kawaida ulaji wa glukosi hushuka sana, hata kwa asilimia 40 hivi, kisha kwenye usingizi wa ndoto hupanda tena karibu na wa mtu aliye macho, na mizunguko hiyo hujirudia mara nne au tano kwa usiku. Kushuka na kupanda huko ndiko kunakomjenga mtu. Diazepamu humfanya mtu apotewe na fahamu upesi, lakini hukata ule usingizi mzito wenyewe na kuujaza usiku usingizi mwepesi. Mtu analala saa kumi na kuamka amechoka.

Halafu dawa haiishi asubuhi. Nusu ya diazepamu huchukua kati ya saa 20 na 50 kutoka mwilini, na ini huigeuza kuwa kitu kingine kinachofanya kazi ileile na kukaa muda mrefu zaidi. Piga hesabu kwamba nusu hutoka kila saa 48. Anayekunywa 20 mg kila usiku, baada ya siku kama kumi, huwa na takriban 48 mg mwilini hata kabla hajameza cha usiku ule. Akimeza, ni 68. Saa nne asubuhi bado ni karibu 60. Huko kuzubaa, kusahau na kuyumba ngazini mnakokuona adhuhuri kunatokana na dawa ambayo bado inafanya kazi, na ubongo ambao haujaharibika kabisa unaweza kuonekana hivyohivyo.

Sasa ugonjwa wenyewe, ambao nyumbani kwenu umesahaulika kwa sababu vidonge vimeuziba. Ugonjwa wa akili mara nyingi haupunguzi jumla ya ulaji wa ubongo. Mwaka 1948 Seymour Kety na wenzake walipima oksijeni inayotumiwa na ubongo wa watu wenye skizofrenia, wakakuta jumla ni sawa na ya watu wenye afya. Mabadiliko yalikuja kuonekana baadaye, vipimo vilipoweza kutazama sehemu moja moja. Katika sonona, sehemu ya mbele ya ubongo, hasa upande wa kushoto, ambayo hupanga, huamua na kuanzisha jambo, hula kidogo. Hilo Lewis Baxter na wenzake walilionyesha mwaka 1989. Sehemu nyingine za ndani, zinazohusika na huzuni na hofu, huweza kula kupita kiasi. Yaani sonona huvuruga mgao, na kidonge cha usingizi hupunguza jumla. Ukimpa mwenye sonona diazepamu mwezi baada ya mwezi, ile sehemu ya mbele ambayo tayari ilikuwa chini unaishusha zaidi, na mgao uliovurugika unabaki vilevile. Hofu itapungua kwa usiku mmoja. Nia ya kwenda kazini haitarudi kwa njia hiyo.

Fluoksetini ndiyo iliyokusudiwa kurekebisha mgao, na tunasikitika kwamba hakuna aliyemweleza muda wake. Helen Mayberg na wenzake waliwafuatilia wagonjwa wa sonona waliokuwa wakiitumia, wakachapisha mwaka 2000. Baada ya wiki moja, waliokuja kupona na wasiopona hawakutofautiana kihali. Ilipofika wiki ya sita, kwa waliopona, sehemu ya mbele ilikuwa imepanda na ile ya ndani ya huzuni imeshuka. Mdogo wako aliiacha ndani ya siku ambazo hakuna mtu angeona kitu. Mazungumzo ya tiba na mshauri aliyefunzwa nayo yana nguvu, na yakiunganishwa na dawa huwa bora zaidi.

Akianza tena fluoksetini, daktari aambiwe wazi kuhusu diazepamu, kwa sababu fluoksetini hulipunguzia ini kasi ya kuivunja. Vidonge vilevile vinne vitamlevya zaidi. Na wiki mbili za mwanzo mkae naye karibu: nguvu za mwili huweza kurudi kabla moyo haujatulia, na mwenye mawazo ya kujiua akapata nguvu ya kuyatekeleza. Muulize kwa maneno ya wazi, "Umewahi kufikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, vidonge vyote na kamba viondolewe karibu naye, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu picha, fedha za mjomba zisichangwe kwa hilo. Kipimo cha kuona ulaji wa glukosi hutumia glukosi iliyotiwa florini ya mnururisho, ambayo nusu yake huisha kwa dakika 110. Mashine zake nchini ziko Nairobi na kazi yake kubwa ni saratani. Hata akifika, picha ya mtu mwenye 60 mg za diazepamu mwilini itaonyesha dawa, na hakuna daktari atakayeweza kuisoma kutoka humo sonona yake. Zile picha za kawaida za hospitali huonyesha umbo la ubongo: damu iliyovuja, uvimbe, ufa wa fuvu. Picha ya namna hiyo tungeitaka kwa sababu moja tu, kwamba alianguka na anayumba. Je, aliumia kichwa? Ana kichwa kinachozidi kuuma, kutapika, au upande mmoja wa mwili uliolegea? Daktari aulizwe hilo, na akiona sababu, picha ipigwe.

Vipimo vya damu vina faida kubwa zaidi kwa fedha kidogo: sukari, wingi wa damu, tezi ya shingo, ini na figo, virusi vya UKIMWI na kaswende. Kila kimoja kinaweza kumfanya mtu awe mzito wa akili akadhaniwa ana sonona au amelewa. Na siku yoyote mkimkuta amezubaa kuliko kawaida, jambo la kwanza kupimwa ni sukari. Ikiwa chini ya 3.9 (milimoli kwa lita) ubongo unaweza kweli kukosa chakula, na hapo maji ya sukari yana kazi, ikiwa yuko macho na anaweza kumeza.

Namna ya kuondoa vidonge. Kwa kuwa amewahi kupata kifafa, msianze wenyewe. Mpelekeni Hospitali ya King Fahd hapo Lamu, na mkaeleze hivi: kiasi gani, muda gani, kilichotokea Shaabani, na muguka. Mkihitaji daktari wa magonjwa ya akili, muombe barua ya rufaa ya Malindi au Mombasa. Chukueni na vile vidonge pamoja na karatasi yake ya kung'aa, maana vya madukani si lazima viwe vilivyoandikwa, na daktari akikosea kiasi cha kuanzia mpango wote unaharibika. Inawezekana akaamua alazwe siku za mwanzo.

Mpango wenyewe huwa hivi kwa mfano, na daktari ataurekebisha. Kwanza anabaki kwenye 20 mg, saa ileile kila usiku, mpaka awe hapandishi wala hashushi mwenyewe. Kisha anapunguza 2.5 mg, yaani nusu kidonge, kila wiki mbili hadi nne: 17.5, 15, 12.5, 10. Kuanzia 10 hatua hiyo inakuwa kubwa mno, kwa sababu 2.5 kutoka 20 ni kama moja ya nane, lakini kutoka 10 ni robo nzima. Hapo mhamie vidonge vya 2 mg na kupunguza 1 mg kila hatua. Mkienda kwa wiki mbili mbili bila kukwama, ni kama miezi saba. Najua ni mirefu. Wanaoharakisha huweza kukwama njiani, wakarudi walikoanzia.

Kila baada ya hatua atakuwa na siku kadhaa za wasiwasi, usingizi wa vipande, misuli kuuma, masikio kukerwa na sauti. Kwa diazepamu hayo huja siku ya tatu hadi ya saba kwa kuwa hutoka polepole, kwa hiyo siku mbili za kwanza zisiwadanganye. Yakiwa yanavumilika, mnabaki palepale mpaka yatulie, hata kama ni wiki sita. Hamrudi juu, hamshuki. Yakija matetemeko makubwa, kuona vitu, homa au kuchanganyikiwa, hospitali.

Sababu ya taabu hiyo ni kwamba ubongo ulionyamazishwa kwa miezi umejifunza kushindana: vipokezi vya GABA vimekuwa vizito kuitikia, na kemikali ya kuamsha, glutamati, imepewa nafasi kubwa. Ukiondoa kidonge ghafla, upande wa kuamsha unabaki bila mpinzani. Wakati wa kifafa, pale penye moto, ulaji wa glukosi unaweza kupanda mara mbili au zaidi. Ukiacha sukari ya damu iliyoshuka, huo ndio wakati pekee katika habari hii yote ambapo maneno ya mjomba ya ubongo kufa njaa yanakaribia ukweli, na unaletwa na kile anachotaka kukifanya. Kifafa kikipita dakika 5, au cha pili kikija kabla hajapata fahamu, ni dharura, na kikiendelea seli zinaweza kufa. Mlazeni ubavu, msitie kijiko wala kidole mdomoni, angalieni saa, na mtu mmoja atangulie kutafuta usafiri. Usiku wa Lamu hakuna gari la kusimamisha: mjue kuanzia sasa ni mkokoteni wa nani au mashua ya nani mtaamsha.

Nani atunze vidonge? Tungempendekeza mama, ndiye anayeaminika na mgonjwa. Atoe cha usiku mmoja tu, vingine vifungiwe. Mdogo wako mwenyewe akubali mpango huu na aandike daftari: tarehe, kiasi, saa aliyolala, saa aliyoamka, muguka. Msimtilie wala kumpunguzia kwa siri kwenye chakula. Akigundua, ataficha vyake, na hamtajua tena anakunywa ngapi.

Muguka unatakiwa kupungua kabla ya kidonge cha kwanza kupungua. Kathinoni, kemikali yake ya kuamsha, humwamsha mchana, jioni moyo unadunda, na ndiyo iliyomfanya akimbilie kidonge cha tatu na cha nne. Aanze kwa kutotafuna baada ya adhuhuri kwa wiki moja, kisha apunguze fungu lenyewe. Atakuwa mzito na mwenye usingizi siku kadhaa, hilo si la kuogopa. Kahawa chungu ya barazani nayo isipite adhuhuri. Aamshwe alfajiri kila siku, hata kama alilala saa nane, na atoke nje kwenye mwanga wa asubuhi, kwa kuwa saa ya kuamka ndiyo inayoipanga saa ya kulala. Akirudi kwenye kazi ya mashua, arudi kwa kazi za chini kwanza: asipande juu wala asishike msumeno wa umeme akiwa zaidi ya 10 mg.

Kitu kinachoua zaidi kuliko vyote tulivyotaja ni kuchanganya. Diazepamu pamoja na unga, methadoni, mnazi au pombe kali hushusha pumzi. Mkimkuta anakoroma kwa sauti ya maji kooni, midomo imekuwa ya kijivu, haamki mkimfinya, hesabuni pumzi: chini ya 10 kwa dakika ni dharura. Mlazeni ubavu na mbebeni. Kama kuna mtu mwenye naloksoni, apewe. Haiiondoi diazepamu, lakini inaondoa unga, na hamna hakika kama hakuvuta. Kwa mazungumzo na ushauri kuhusu vileo, simu ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na vileo na dawa za kulevya, ni 1192, haina malipo.

Kisomo na dua haviingiliani na dawa hizi. Mwalimu anayemsomea aambiwe tu kwamba vidonge havikatwi ghafla, na kwamba asifungwe kamba wala asilazimishwe kufunga saumu. Ramadhani ikiingia katikati ya mpango na daktari akimruhusu kufunga, diazepamu ya usiku haina tatizo kwa kuwa ni mara moja, na fluoksetini aimeze daku, kwa sababu ikimezwa futari huweza kumfukuzia usingizi.

Ubongo wake umeharibika? Kwa uliyoyaeleza, hakuna dalili ya kutuambia hivyo. Kumbukumbu na wepesi wa akili kwa wengi hurudi kadiri kiasi kinavyoshuka, na huendelea kuboreka miezi kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Kwa baadhi ya waliotumia miaka mingi, mapungufu madogo hubaki. Yeye ana miezi kumi na moja. Akifika 10 mg, mpimeni kwa jambo la kazi yake anayoijua, kama kukata na kuunga ubao mmoja kwa vipimo alivyosikia mara moja, na muandike tarehe kwenye daftari hilohilo.